Waliokufa Hurudi Mwisho wa Zama

Jumamosi saa tatu asubuhi Risper Aluoch alichanganya Omo na maji vuguvugu kwenye beseni, akachukua kitambaa, akaosha mlango wake. Ulikuwa mlango wa mabati uliopakwa rangi ya buluu, na kesho yake jumuiya ya kanisa ilikuwa inakuja kwake kusali. Hakuna mwanamke wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera anayekaribisha jumuiya kwenye mlango wenye matope. Alisugua juu, akasugua chini, akasugua na ile 417 iliyoandikwa kwa chaki na vijana wa kuhesabu nyumba. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ukimetameta, akaridhika.

Jumatatu ndipo tangazo lilipobandikwa kwenye kioski cha maji. Mstari wao wote wa nyumba ungebomolewa kupisha barabara. Kila mlango wenye namba ungepewa chumba kwenye ghorofa mpya. Mlango usio na namba ulikuwa mabati tu.

Mambo haya si mageni Gatwekera. Mwaka wa reli walihesabiwa kwa rangi nyekundu. Mwaka wa nyaya za stima walihesabiwa kwa chaki ya kijani. Mwaka wa mtaro mkubwa hawakuhesabiwa kabisa, waliambiwa kuna haraka. Risper anaikumbuka kila rangi na kila haraka. Kwa hiyo hakulia. Alingoja Jumapili, kwa sababu kila Jumapili baada ya kanisa karani wa kuhesabu, Isaac wa mtaa wa Ayany, alikuja kwake kucheza.

Mchezo wenyewe ulitoka ndani ya belo la viatu vya watoto ambalo Risper alilifungua kwenye kibanda chake cha mitumba soko la Toi. Katikati ya viatu kulikuwa na sanduku, na ndani ya sanduku ubao wenye ramani, kadi, na vinyago vya plastiki vya Waviking, wale watu wa zamani wa nchi za baridi waliozoea kwenda kwa mashua kupora vijiji vya wenzao. Jirani yake Walubengo, fundi wa vitanda, alikaa wiki mbili na kitabu cha sheria, penseli sikioni, mpaka akakielewa.

"Ni rahisi," aliwaambia. "Unapora, unapigana, unakufa. Ukikufa unaenda kwa ukumbi wa waliouawa. Zama ikiisha, unarudi. Zama ziko tatu."

"Unarudi kabisa?" aliuliza Filister, muuza chapati wa mlango wa pili.

"Kabisa. Imeandikwa."

Na kweli walirudi. Siku ile ya kwanza, zama ya kwanza ilipoisha, vinyago vilivyouawa viliinuka kutoka kwenye mfuniko wa sufuria vilikolazwa, vikapanga foleni, vikavuka meza kila kimoja kwa mwenyewe. Vilinuka moshi. Filister aliviomba visikanyage unga wake tu, navyo vikapita kando.

Kila zama ilianza kwa kadi. Kila mchezaji alipewa fungu lake, akachagua kadi moja, akampitishia zilizobaki aliyekaa kushoto kwake, na hivyo hivyo mpaka ziishe. Isaac alipenda kukaa kulia kwa Risper. Kwa hiyo baada ya kadi ya kwanza, kila kilichomfikia Risper kilikuwa kimeshapita mikononi mwa Isaac.

Jumapili hiyo Isaac aliingia na tablet yake kwapani, akavuta kigoda.

"Mama Austine, niaje?" alimwambia Risper. "Leo nakuchapa mapema niende."

"Kabla hujanichapa, karani, niandikie namba yangu tena. Niliiosha."

"Uliifanya nini?"

"Niliiosha. Jumuiya ilikuwa inakuja."

Isaac alicheka mpaka chapati ikampalia. "Mama, hii tablet inasoma mlango. Mlango ukikosa namba, nyumba haiko."

"Haiko?" Filister aliuliza. "Na hiyo chapati unaikulia wapi?"

"Kwa Mama Austine."

"Kwake wapi?"

"Si hapa."

"Hapa wapi, na haiko?"

Walubengo alikohoa ndani ya kikombe. Isaac alijifuta mafuta vidoleni, akasema basi, Mama Austine akimshinda leo, ataiandika ile namba kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya mashahidi. Alisema hivyo kwa sababu hajawahi kushindwa.

Walicheza zama mbili, na zote Isaac aliongoza. Ilipofika ya tatu Walubengo alifunua kigae cha maangamizi, kile kinachotangaza mapema ni jimbo gani litaungua zama hiyo ikiisha. Tangu waanze kucheza, majimbo yalikuwa na majina ya ng'ambo ambayo hakuna aliyeweza kuyatamka. Siku hiyo jimbo la katikati liliitwa Gatwekera. Lilikuwa na bomba la maji, mstari wa mabati, na jiko la Filister limewashwa.

"Ni hapa," Walubengo alisema. "Nipitishie sukari."

Isaac alihamisha mashujaa wake wote hadi Ayany, jimbo la juu lenye geti. Filister aliwapeleka wake Kawangware, pembeni kabisa mwa ubao. Kwenye fungu la mwisho alilopitishiwa Risper ilikuwa imebaki kadi moja tu. Ilikuwa na picha ya mama mzee amesimama motoni, mikono ameikunja kifuani, na chini yake iliandikwa kwamba kila shujaa wako atakayeungua pamoja na jimbo lake atahesabiwa utukufu, yaani pointi, mara mbili.

"Kadi ya wajinga hiyo," Isaac alisema. "Nani atakaa mahali anajua kutaungua?"

Risper alikichukua kinyago kimoja, akakisimamisha Gatwekera. Akachukua cha pili. Akasimamisha vyote vilivyokuwa vyake, mpaka pakakosa nafasi.

Moto ulikuja mfupi, wa rangi ya chungwa, ukinuka mpira. Uliunguza jimbo lile moja bila kugusa mpaka wa jirani, ukaacha shimo jeusi la ukubwa wa kiganja. Filister aliusogeza unga. Walubengo alijumlisha utukufu kwa penseli, akarudia kujumlisha, akasema Mama Austine ameshinda. Vinyago vya Risper vilikuwa vinarudi tayari, kimoja kimoja, masizi usoni.

Isaac ni mtu wa neno lake. Alitoka nje, akatoa chaki mfukoni, akaandika 417 kwenye mlango wa buluu, kwa mwandiko mzuri kuliko ule wa kwanza. Kisha akamgeuzia Risper tablet. Pale kwenye 417 palikuwa na picha ya geti la chuma na roshani yenye maua ndani ya makopo.

"Hii ni ya nani?" Risper aliuliza.

"Ya binamu yangu. Namba ilikaa siku mbili bila mlango, mama. Jumatatu nikampitishia."

"Ana nyumba."

"Anayo. Lakini mimi si niliahidi kuandika? Nimeandika."

Tingatinga lilifika Jumanne saa kumi na mbili asubuhi. Risper alikuwa ameshatoa kitanda, beseni, viatu na sanduku la mchezo. Dereva alishuka, akasoma namba mlangoni kwa sauti, akaitafuta kwenye orodha, akamwambia kwa upole kwamba 417 ameshapewa chumba, kwa hiyo ndani hakuna mtu. Kisha akapanda. Mlango ulikunjwa mara mbili kama barua.

Risper alipata chumba Kawangware, upande wa Riruta. Walubengo na Filister, walioambiwa ghorofa bado haijaisha, walipata kwenye ploti hiyo hiyo ya vyumba vya kupanga. Kule Gatwekera walimwaga kokoto, wakamwaga lami, wakachora mistari myeupe. Barabara ilifunguliwa Desemba, kwa utepe na viti vya plastiki, na aliyeukata utepe alisema kwenye kipaza sauti kwamba zama moja imekwisha na nyingine imeanza.

Jioni hiyo nyumba zilirudi.

Zilisimama juu ya lami, mstari mzima, kila moja pale pale ilipokuwa, zikinuka moshi. Mahakimu hawakuhitajika, kwa sababu Walubengo bado alikuwa na kile kitabu cha sheria, na kiliandikwa: zama ikiisha, unarudi. Madereva walipunguza mwendo, wakawasha taa, wakaingia kwa mlango wa mbele na kutokea ukuta wa nyuma. Wengine walisalimia. Mmoja alipiga honi sebuleni kwa Filister, Filister akamwambia ashuke anunue chapati au aache kelele, akashuka.

Tangu hapo huwa hivyo. Risper hufunga kibanda Toi, hutembea hadi kwake Gatwekera, hukaa pale palipokuwa na kitanda, mpaka taa za barabarani ziwake. Zikiwaka, nyumba huondoka, naye hurudi Kawangware kwa miguu. Nyumba hurudi na kila kitu: misumari, kalenda, doa la chai ukutani. Namba tu hairudi. Mlango huja msafi, kama ulivyokuwa ile Jumamosi.

Kwa hiyo Risper hubeba chaki. Kila jioni huandika 417, kubwa, na kila jioni Isaac, ambaye siku hizi huja kwa gari na kuliegesha kando ya barabara, huinua tablet na kuupiga picha ule mlango kwa sababu ameombwa vizuri. Wote hutazama. Kwenye picha huwa kuna lami, mstari mweupe, na gari la mtu linapita.

"Haiko, mama," Isaac husema.

"Sawa," Risper husema, akitandaza ubao wenye shimo. "Leo kaa kushoto kwangu."

Isaac hucheka, huvuta kigoda, na hukaa kulia.