Jiwe Walilolipaka Chokaa

Hasira zilimpanda Ersilia tangu asubuhi, mjomba wake Nunzio alipomkabidhi ndoo ya chokaa mbele za watu.

"Haya, daktari wa Kilatini! Miaka minne ya chuo kikuu, leo angalau utupakie jiwe chokaa."

Wanaume waliokaa mkahawani wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama Kigiriki nacho kinakamua mbuzi.

Kila mwaka, siku ya mtakatifu wao, watu wa Roccalvina walilipaka chokaa jiwe lililo juu ya chemchemi, kisha wakalivisha shada la majani kuwashukuru mabwana wa ukoo wa Torrecupa kwa kuwapa maji. Jina la ukoo lilionekana bado juu kabisa, kwa herufi kubwa, na hilo lilimtosha kila mtu; maandishi ya Kilatini yaliyofunikwa chini yake hakuna aliyeyajali. Lakini mwaka huu wa 1957 shukrani ilikuwa imepitiliza. Baada ya misa kijiji kingepiga kura kwa kunyoosha mikono, kumrudishia mrithi wa ukoo huo chemchemi yake, aizungushie ukuta na kuuza maji kwa chupa. Mama yake Ersilia alichota hapo kila siku. Angechota wapi?

Ersilia aliiweka ndoo chini, akachukua brashi ya chuma, akaanza kukwangua.

"We mtoto, una wazimu?"

"Nina Kilatini, mjomba. Kaa mbali."

Chokaa ya miaka na miaka ilibanduka vipande vipande. Alipomaliza alisoma mara mbili. Alijichukia hata yeye mwenyewe: likizo zote alipita hapa na ndoo ya maji, kichwa kimejaa mashairi ya watu waliokufa zamani, asiinue macho hata siku moja.

Misa ilipokwisha, watu walikuja na shada, mrithi mbele na suti yake nyeupe. Ersilia alipanda ukingoni, akawasomea kwa lugha yao ya nyumbani:

"'Torrecupa, aliyeshindwa mahakamani, anawarudishia watu wa Roccalvina maji aliyowapora. Amechonga jiwe hili kwa gharama yake, ili aibu yake isomwe kila siku. Maji haya yasifungwe tena milele.'"

Mrithi alitabasamu. "Binti amejitungia. Nani mwingine hapa anajua kilichoandikwa?"

Ersilia alimgeukia paroko, Don Ippolito. "Padre, unasoma misa kwa Kilatini kila siku ya Mungu. Nimekosea wapi?"

Padre alichezea vifungo vya kanzu yake. "Hukukosea," akasema mwishowe. "Hukumu hiyo imo pia kwenye vitabu vya kanisa."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nilipohamia hapa."

Ilikuwa miaka ishirini na sita, na kila mwaka alilibariki shada lile kwa mkono wake mwenyewe. Bibi mmoja alitema mate chini. Kura ilipoitishwa, hakuna aliyenyoosha mkono, na mrithi akaondoka bila kuaga.

Nunzio alisogea, masikio yamemwiva kwa aibu, akataka kumvika Ersilia shada kichwani. "Leo nimekubali, daktari. Kumbe hiyo shahada yako ina faida."

Ersilia alimpokonya shada, akalitupa. "Hata asubuhi ilikuwa nayo, mjomba, uliponicheka." Akamsukumia ndoo kifuani. "Kamwage chokaa yako. Kisha uje umchotee mama maji."