Barua ya Utani Iliyofika Itigi

Kabla hujanicheka, jua kwamba barua ile niliiandika nikiwa na akili timamu, nimeshiba, na mchana kweupe. Hakuna cha kusingizia.

Naitwa Alute. Nakamua alizeti kwenye mashine ya mjomba hapa Issuna. Kidato cha nne nilimaliza, na matokeo yangu mama huwa anayaita "ya kati na kati". Ninachojulikana nacho ni mdomo. Harusini mimi, msibani mimi, hata mkutano wa kijiji ukianza kupooza watu wanageuka kunitafuta.

Sasa Editha alipoletwa kuwa afisa mifugo wa kata, mdomo huo ukafungika. Alikuja nyumbani kuchanja kuku wa mama, wasife na kideri. Kazi yangu ilikuwa kumshikia kuku, yake kudondosha tone jichoni. Kuku wote wa mama walichanjwa, na mimi sikusema neno zaidi ya "huyu hapa". Alipoondoka mama aliniuliza kama naumwa.

Nikaamua kuandika. Meseji kila mwenye bando anatuma, lakini barua anaishika mkononi. Nikaanza ile ya kawaida: mpendwa, natumaini u mzima, mimi huku si mzima kwa sababu ya moyo. Nilipofika kwenye moyo nikaichana. Msichana anashinda juani na kuku wa kata nzima, moyo wangu ataupeleka wapi?

Ndipo nikakumbuka kitu. Siku moja wafugaji wa Kisukuma walikuja mashineni kununua mashudu ya ng'ombe, Editha akapita, akawaamkia "mwangaluka", wakaendelea kwa Kisukuma mpaka wakacheka. Na chuo alisomea Shinyanga. Nikajumlisha nikapata Msukuma. Na Msukuma kwetu sisi Wanyaturu ni mtani.

Hapo nikafufuka. Mtani haombwi, anadaiwa. Kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayevaa koti la marehemu na kuiga kikohozi chake, ndiye anayejilaza kaburini kwanza, mpaka mjane acheke huku machozi yanamtoka. Mtani anaweza hata kukuzika ukiwa hai, na wewe usipomrudishia tusi kubwa kuliko lake unaonekana hukulelewa. Nikasema basi, nitaanzia hapo hapo. Nitamzika baba yake kwa maandishi, yeye atanitukana, nami nitamjibu, na kabla ya mvua za kwanza tutakuwa tumezoeana.

Barua ilianza hivi: "Kwa Editha. Pole sana kwa msiba wa baba." Nikampa Dina, yule anayeuza mihogo mbele ya ofisi ya kata, aipeleke. Nikarudi mashineni kungoja tusi.

Badala ya tusi akaja Paskali na bodaboda yake. Paskali ni Mnyiramba, mtani wangu tangu tukiwa tunatambaa, na siku zote anaingia akinitukana. Siku hiyo hakutukana.

"Yule dada wa kuku nimetoka kumfikisha Mkiwa," alisema. "Kalia njia nzima, fulana yangu imelowa mgongoni. Kafiwa na baba."

Nikacheka. "Ameuingia utani! Nilijua tu."

"Utani gani, Alute? Mtu analia kamasi. Anapiga simu ya mama yake haipatikani. Kapanda gari la Itigi."

"Itigi kufanya nini? Kwao si Usukumani?"

"Nani kakudanganya? Yule Muha. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kaja kutoka Kigoma kabla hatujazaliwa, akastaafia Itigi. Tena mzee mwenyewe ana presha, ndiyo maana dada wa watu kila mwisho wa wiki yuko barabarani."

Mashine ilikuwa inanguruma lakini mimi sikuisikia tena.

"Paskali," nikasema, "baba yake nimemuua mimi."

Nilimsimulia barua yote. Yeye ambaye hucheka hata mbuzi akijikwaa, alikaa juu ya gunia la alizeti akashika kichwa. Hofu yangu ilianzia pale. Editha atafika nyumbani anapiga yowe getini. Mzee mwenye presha atasikia bintiye analia kilio cha msiba, atainuka kuuliza nani kafa, na kwa kuinuka huko aliyekufa atakuwa yeye. Nilichoandika kwa kucheka kitakuwa kimetimia, kina sahihi yangu chini. Nani ataniamini kuwa ulikuwa utani? Watasema mtoto wa Issuna alijua kifo cha mzee wa watu asubuhi, mzee akafa mchana. Mtu wa namna hiyo ana jina, na jina hilo hapa kwetu likikuganda halitoki kwa sabuni.

Nikampigia Editha. Simu inaita, haipokelewi. Nikapiga tena, ikakatwa.

"Na watu wa Kigoma unawasikia," Paskali akasema polepole. "Ukiwakosea, radi yao haingoji wingu."

"Acha ujinga wewe. Hayo ni maneno ya vijiweni."

"Ni ya vijiweni, ndiyo. Mimi nakukumbusha tu."

Nikatoka nje kutazama juu. Kiangazi, hakuna hata kiwingu cha kufutia kamasi. Badala ya kutulia nikazidi kuogopa.

Meseji iliingia nikiwa nafunga mashine. Mikono ilikuwa na mafuta, simu ikaniteleza, nikaisoma nikiwa nimepiga magoti chini. "Baba mzima. Mama kaanguka kaumia. Barua wamesoma wote. Baba anasema Jumamosi uje mwenyewe. Usipokuja, kaka Eliya anapajua unapokamulia."

Mama nilimwambia, kwa sababu mambo kama hayo yakifika kwa mama kwa mdomo wa mtu mwingine ni mabaya zaidi. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Aliniambia kwa Kinyaturu maneno ambayo sitayatafsiri, kisha akaenda bandani akakamata jogoo wake mwekundu, yule aliyekataa kumuuza hata siku ya ada.

"Mikono mitupu huingii kwenye nyumba ya watu uliowaliza," alisema. "Na ukifika, kinywa chako kiache hapa."

Jumamosi Paskali akanipakia, jogoo kwapani. Tulipoiacha lami pale Mkiwa na kushika njia ya Itigi, alianza tena kunitania.

"Mtani, usife leo. Koti lako dogo, mimi nitalivaaje msibani?"

Sikujibu. Akaongeza gesi, kisha akapunguza. Kutojibu kwangu kulimtisha na yeye.

Nyumba yao iko karibu na reli, ukuta wa matofali ya kuchoma, uani pamefagiliwa. Pembeni kulikuwa na kuni zimepangwa na viti vya kukodi vimepandanishwa, havijarudishwa bado. Nikavielewa. Vilikuja kwa ajili ya msiba wangu ule. Majirani walikuwa wamekwisha kuanza.

Mzee Sostenes, baba yake Editha, alikuwa ameketi kwenye kiti cha kamba, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Kando yake mkewe, mkono umefungwa bandeji kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Eliya alisimama mlangoni, na mlango ukajaa. Editha alikuwa kwenye kigoda, hanitazami.

"Shikamoo baba."

Hakuitika. Treni ya mizigo ilikuwa inapita kule nyuma, na mzee akaiachia ipite yote, behewa kwa behewa, mimi nimeinama na jogoo kwapani.

"Marahaba," alisema ilipokwisha. "Ndiye mrithi?"

"Ndiye mimi, baba. Nimekuja kuomba..."

"Ngoja. Hujaulizwa." Akatoa karatasi kwenye mfuko wa shati. Niliitambua kwa mistari ya daftari. "Macho yangu mabovu. Nilisomewa na Eliya, na Eliya anasoma kwa hasira. Nataka kuisikia kwa mwenye nayo. Soma kwa sauti."

Paskali, aliyebaki getini, nilimsikia akisema taratibu, "Mungu wangu."

Nikasoma. Jogoo kwa kunisikia mapigo akaanza kulalamika kwapani.

"Kwa Editha. Pole sana kwa msiba wa baba. Habari zimefika Issuna kwamba mzee alilala jioni na asubuhi hakuamka. Sisi watani tumejiandaa. Tunakuja kuchukua kilicho chetu. Ng'ombe wachukue ndugu zangu, redio achukue Paskali."

"Mimi sina ng'ombe," mzee akasema.

"Ndiyo, baba."

"Endelea."

"Kaburi nitachimba mwenyewe, na nitajilaza humo kwanza nione kama linamtosha."

"Rudia hapo."

Nikarudia. Chumbani kwangu kule Issuna mstari ule nilikuwa nimeucheka peke yangu mpaka nikapaliwa. Pale uani ulitoka mdomoni kama jiwe. Mama mtu alikuwa anaupapasa mkono wake wa bandeji, na mimi nikatamani Eliya aje anipige tu, yaishe.

"Mimi sitaki makubwa. Nitamrithi binti yake anayetia kuku dawa machoni. Mkiniona nalia msinibembeleze, nitakuwa naililia mahari, maana aliyekuwa aipokee hayupo. Wako mrithi halali, Alute."

Hakuna aliyecheka.

"Huko kwenu," mzee alisema, "mtu anacheka akipata barua hii?"

"Mtani anacheka, baba. Baba yangu alipofariki, mtani wetu alijilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe pombe. Mama alicheka. Alikuwa hajafungua kinywa tangu jana yake. Nilidhani... nilidhani dada ni Msukuma."

"Kwetu mtu hatamki kifo cha mzee aliyeketi mezani anakula. Binti yangu alisoma mstari wa kwanza tu, akaingia hapa analia, mama yake akadhani nimefia chumbani wakati yeye yuko jikoni. Akakimbia, akaanguka kwenye ngazi ile. Nikatoka kuona nani kafa, nikakuta wananililia mimi." Akanyamaza kuvuta pumzi, na kila pumzi yake mimi niliihesabia kuwa ya mwisho. "Nimekuita nikuulize neno moja. Katika yote uliyoandika humu, la kweli ni lipi?"

Nilikuwa na majibu. Ninayo siku zote. Lakini nilimtazama mama yule na mkono wake, na majibu yote yakakimbia kama vifaranga wakiona mwewe.

"La binti anayetia kuku dawa," nikasema. "Hilo tu, baba."

"Hilo ni mstari mmoja. Mengine yote umeniandikia mimi."

"Nilimuogopa."

"Ukaona mimi ndiye wa kuchezea."

Nikamgeukia mama yake Editha, nikapiga magoti, nikaweka jogoo chini mbele yake, nikasema, "Nisamehe mama, mkono huo ni kosa langu." Hakusema amenisamehe. Alisema kitu kwa Kiha, na Eliya akaja akamchukua jogoo akimshika miguu. Mpaka leo sijui alisema nini.

"Editha," mzee akaita. "Barua ilikuwa yako. Mjibu."

Editha aliinua uso kwa mara ya kwanza. Macho yalikuwa bado yamevimba.

"Kutoka Mkiwa mpaka hapa," alisema, "nilikuwa nawaza sanda. Nawaza nani atamwambia bibi Kigoma. Nilishachagua mpaka wimbo. Wewe ulikuwa unafanya nini muda huo?"

"Nilikuwa nangoja unitukane."

"Sikutukani." Alisema hivyo kwa upole, na kwa mtu wa kwetu hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo. "Sikujui. Siku ile ya kuku nilijua una adabu, mtu mkimya. Kumbe ulikuwa umejificha. Niandikie nyingine. Mtani asiwemo."

"Nitaandika. Jumatatu nitampa Dina..."

"Dina hapana. Hapa hapa. Niisome wewe ukiwa umesimama mbele yangu."

"Eliya," mzee akasema, "mletee karatasi."

Eliya akaleta daftari na kalamu, akanionyesha kiti kimoja cha vile vya msiba. Nikaketi. Watu wanne wananitazama, na wa tano ananing'inia getini. Hata mtihani wa kidato cha nne haukunitisha hivyo. Neno la kwanza nililoliwaza lilikuwa la kuchekesha, nikaliacha. La pili pia. Kumbe nilikuwa nimepanga maneno yote maishani mwangu kama uzio wa senyenge, na nikiyaondoa nabaki uchi uwanjani.

Niliandika: "Editha. Naitwa Alute. Naogopa sana."

Yaliyofuata siyasemi. Hayakuwa mengi, hayakufika hata nusu ukurasa. Nilipomaliza nilisimama, nikampa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua moja.

Alisoma. Nilimtazama macho yakishuka mstari kwa mstari, yakafika chini, yakapanda tena juu kabisa. Nilingoja tusi, kilio, kofi la Eliya, radi.

"Ameandika nini safari hii?" mzee akauliza. "Nimekufa tena?"

Editha aliikunja karatasi mara mbili, akaiingiza mfukoni mwa sketi, mkono ukabaki humo humo juu yake.

"Hapana, baba," alisema. "Hii ni yangu."