Kinachomkaba Wangwe

Dhahabu ilipowavuta watu Genkuru, Wangwe aliacha shamba lake Nyanungu akaenda kuchimba kama wenzake. Bahati haikumnyima. Kila alipopata chochote alinunua ng'ombe, mpaka zizi likagusana na ukuta wa chumba chake cha kulala.

Ndipo kifua kilipoanza kumsumbua. Kilimbana, kikapiga miluzi, akawa anakaa kitandani akitafuta hewa kama mtu anayezama. Mkewe, Robi, hakuwa na shaka.

"Ni lile vumbi la shimoni. Acha kuchimba kabla halijakumaliza."

Wangwe aliamini hivyo pia, ila jambo moja lilimvuruga. Akishinda machimboni wiki nzima, akilala chini ya turubai, alipumua vizuri. Akirudi tu nyumbani, pumzi zinakata. Akaanza kuwaza kwamba kuna mtu amemfukia kitu uani. Alichimba nyuma ya jiko, akachimba na mlangoni. Hakuona kitu.

Mwaka huohuo wakaja watafiti kuchunguza mapafu ya wachimbaji. Walichukua damu na makohozi, ili wakaangalie seli kwa hadubini. Wangwe akajitokeza. Daktari wao, Sheila Akech, binti wa Kijaluo, alimwamkia, "Shikamoo, baba," akamwuliza analala wapi na anafuga nini. Kisha, ili ajue mwili wake unakataa nini, akamdondoshea matone kwenye mkono, kila moja la kitu chake, na kila tone akalichoma kidogo kwa ncha ya sindano. Baada ya muda sehemu moja tu ikavimba na kuwasha, kama imeumwa na mbu.

"Hilo tone ni la vumbi?" Wangwe aliuliza.

"Hapana, baba. Ni la ng'ombe. Manyoya yake na unga wa ngozi yake."

Wangwe alicheka mpaka akakohoa. "Daktari, mimi ni Mkurya! Nimekulia kwenye samadi!"

"Najua. Lakini una seli mwilini ambazo kazi yake ni kukulinda, nazo zimemdhania ng'ombe kuwa adui. Ukimkaribia zinapigana, njia za hewa zinavimba. Hiyo ni pumu."

"Mbona hazikumkataa nilipokuwa mtoto?"

"Hilo ndilo tunalotafiti. Bado hatujui." Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo. "Na vumbi nalo lisikudanganye, baba. Mapafu halijayaharibu, lakini ukiendelea hivi litayaharibu."

Wangwe alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka. Robi alimsikiliza, akakunja uso.

"Kwa hiyo ni ng'ombe au ni vumbi?"

"Vyote. Yaani, kwa sasa ni ng'ombe. Vumbi baadaye."

"Sasa utaishi wapi?"

"Hata sijui, mama."

Aliyeamua ni Robi. Aliwaswaga ng'ombe wote mpaka Ringwani, kwa Simioni, ndugu yake Wangwe. Wangwe alipotaka kushika fimbo amsindikize, Robi alimfukuza kama kuku. Akabaki kusimama mbali, upande ambao upepo hauleti harufu yao.

Majirani wakaja kumpa pole, wakidhani amefilisika.

"Sijafilisika," aliwaambia. "Damu yangu imewakataa ng'ombe."

Wakatazamana. Mmoja akashauri aombewe.

Siku zilivyopita kifua kikafunguka. Asubuhi moja Wangwe aliamka jua limeshachomoza, hakukohoa hata mara moja. Nje kulikuwa kimya.

"Umelalaje?" Robi aliuliza.

"Vizuri," akajibu, kwa sauti ya mtu aliyefiwa.