Sindano Ishirini na Moja za Carmosina

Tangu Pasaka, Aniello mtengeneza mapipa alikuwa na siri iliyomkaa kooni: mkewe Carmosina alikuwa na saratani ya kizazi, na mwenyewe hajui. Daktari Imparato alimshika Aniello kiwiko, akamvuta ukumbini, akamnong'oneza. Ndivyo walivyozoea huko kwao. Mgonjwa hudanganywa kwamba ni uvimbe mdogo tu, kisha jamaa hulia jikoni wakisingizia vitunguu.

Mwezi wa Juni, mbwa mpita njia akamng'ata Carmosina mguuni. Aniello akamtwanga nyundo yule mbwa, akafa palepale. Kisha akampeleka mkewe Napoli kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa, ishirini na moja, zote tumboni, sindano moja kila siku. Akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali alijiuliza: namwokoa na mbwa ili nimkabidhi kwa saratani? Wazo lile lilimtia haya, ila halikumtoka.

Agosti, daktari akampima tena Carmosina. Alitoka amekunja uso.

"Umempa nini huyu mama?"

"Mimi? Supu ya maharagwe. Na mafuta ya Mtakatifu Vito, tulimpaka mguuni alipong'atwa."

"Acha mzaha, bwana. Uvimbe uliokuwa kama chungwa sasa ni kama zeituni!"

Aniello akamweleza habari za mbwa na sindano. Daktari akakuna kichwa.

"Dawa ile ina kimelea cha kichaa chenyewe, kimedhoofishwa. Labda ndicho kilichoula uvimbe. Au labda ni mate ya mbwa. Alikuwa na kichaa kweli?"

"Nitajuaje? Nilimuua."

"Ungemfunga siku kumi tu tuone kama atakufa mwenyewe, tungejua!"

"Sasa ni nini kilichomponya?"

"Sijui, Aniello. Nimechanganyikiwa kama wewe."

Walikuwa wamepaza sauti bila kujua. Mlango ulikuwa wazi, na Carmosina amesimama hapo, shali mkononi.

"Saratani?" akauliza. "Tangu lini?"

"Mke wangu, sikiliza..."

"Tangu lini, Aniello?"

"Pasaka."

"Mimi napaka kuta chokaa kwa ajili ya Krismasi, na wewe unanishikia ngazi, unajua hiyo Krismasi sitaiona?"

Aniello hakujua ashangilie au aombe radhi. Akafanya yote mawili kwa mpigo, analia huku anacheka, hajielewi. Carmosina hakumbembeleza. Alikuwa ameambiwa kifo chake na uzima wake kwa pumzi moja, na hakujua aanze na kipi.

Ikapita miaka mitatu. Carmosina alikula, akanenepa, akamnunia mumewe alivyotaka. Kisha maumivu yakaanza tena. Daktari alimpima, akatoka, akamshika Aniello kiwiko.

Mshiko ule Aniello aliujua. Lakini alijichomoa, akarudi, akaufungua mlango mpaka mwisho.

"Sema mbele yake."

Daktari akababaika, akasema: uvimbe umerudi.

Carmosina alijifunga shali yake taratibu. Akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu ile Agosti hakukuwa na kinyongo machoni pake.

"Haya," akasema, "nitafutie mbwa. Na safari hii, we mwanamume, usimuue."