Kadi ya Hapana

Mwaka 1986 Mwalimu Zipporah alikuwa na wanafunzi saba katika darasa la watoto wenye mahitaji maalumu huko Kibarani, Kilifi. Mmoja wao, Mishi, msichana wa miaka tisa, alikuwa hasemi kabisa. Akitaka kitu alimvuta mtu mkono. Asipoeleweka, alijigonga kichwa ukutani. Uji wa saa nne aliumwaga kila siku, na watu wakaamua kwamba hapendi uji.

Mwalimu akakata boksi la sabuni, akachora kadi: maji, choo, uji, nje. Kwenye ya tano akachora mkono unaosukuma sahani. "Hii ni hapana," akamwambia. "Ukinipa, nitakusikiliza."

Wiki mbili Mishi alizitafuna tu. Ya tatu, alipowekewa shanga za kuhesabia, akatoa hapana. Mwalimu akaziondoa palepale. Mishi akamkodolea macho, kisha akaichukua kadi yake.

Tangu hapo hakukukalika. Alikataa shanga, akakataa wimbo. Mwalimu mkuu alikuja kumsalimia, akapewa kadi hiyo ya hapana, akarudi ofisini kwake nayo mkononi, ikabidi ifuatwe.

Ijumaa akaja nyanya yake Mishi, Bi Mwanabibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwalimu, nimekuletea mjukuu umfundishe kusema, nawe wamfundisha kukataa. Jana kakataa kuoga, kakataa kusukwa."

"Kukataa nako ni kusema, bibi."

"Basi kasema mno."

Mpishi, mzee Kaingu, akaingia na uji. Mishi akampa kadi ya uji. Kisha akachukua ile ya hapana, akaibandika ubavuni mwa kikombe chekundu cha plastiki.

"Sasa ataka ama hataki?" Kaingu akauliza.

Mwalimu akakitazama kikombe. "Hebu mtilie kwenye cha bati."

Mishi akanywa hadi tone la mwisho, akatoa kadi ya uji tena. Vikombe vitatu.

Bi Mwanabibi akajikalia kwenye kiti cha kitoto, akapangusa macho kwa leso. "Miaka yote hii namlazimisha," akasema. Kisha akaongeza, "Nichoree na ya kuoga. Na hiyo ya hapana nichoree mbili. Babu yake haelewi maneno."

Kaingu akakiweka kando kikombe cha bati kiwe cha Mishi, asipewe mtoto mwingine.