Kitabu cha Mzee wa Ukutani

Mwaka 1951 nilikuwa mfagiaji wa baraza la mtemi, mwendo wa asubuhi moja kutoka Maganzo. Ukutani, nyuma ya kiti cha mwamuzi, alikaa mzee wa Kizungu aliyechorwa kwa rangi mwaka 1868. Mwaka wenyewe uliandikwa pembeni. Bwana Shauri mmoja, Mzungu mkuu wa wilaya, aliiacha picha hiyo alipohamishwa. Alisema ni babu yake, waziri na msomi mkubwa wa kwao. Mkononi kashika kitabu wazi. Karani wetu Athanas aliwaambia watu sheria zote zimo humo, na wazee wakaanza kumwamkia shikamoo. Haitikii. Wakubwa ndivyo walivyo.

Halafu ikaja kesi yangu. Mume wangu alikuwa amefariki, na shemeji yangu Maduhu akataka kunirithi. Nilikataa. Akasema basi nenda zako, ila Generosa anabaki. Mwanangu huyo alikuwa na miaka sita, sina mwingine.

"Mtoto hufuata ng'ombe waliotolewa mahari," Maduhu akaliambia baraza.

"Imeandikwa," Athanas akadakia, kidole ukutani.

Nikainuka. "Bwana karani, mzee huyo nampangusa mimi kila Jumatatu, na darasa la nne nimefika. Kitabu chake hakina herufi hata moja. Ni vistari tu, kama njia ya sisimizi."

"Mwongo huyu."

"Mshushe basi utusomee, baba."

Wakamshusha. Athanas akasogeza pua mpaka ikagusa rangi. Akaigeuza picha miguu juu, huenda herufi zililala. Watu wakacheka, mwamuzi akafuta machozi kwa kanzu yake, na mimi mjinga nikadhani nimeshinda.

"Kweli, mama, kitabu hakina neno," mwamuzi akasema alipopata pumzi. "Lakini ng'ombe wa mahari walikuwa na kwato, na walitembea mpaka kwenu. Mtoto aende kwa baba yake mdogo."

Maduhu alimchukua palepale, mtoto hata uji hakunywa.

Mwaka wa tatu nikamkuta Generosa gulioni Maganzo anauza maziwa. Akanipigia goti kama anavyompigia mteja yeyote.

"Ya leo asubuhi, mama."

Nikanunua. Yalikuwa na maji mengi kuliko maziwa. Nikayanywa polepole sana, maana kikombe kilikuwa chake, na asingeweza kuondoka bila kikombe.