Kijiko Kimoja cha Sukari

Kila siku saa moja asubuhi mkwe alikuna tangawizi pamoja na ganda lake, akatia kijiko kimoja kwenye chupa kubwa ya kioo iliyokaa juu ya kabati la jikoni. Kisha alimngoja mama mkwe afungue kufuli la kopo la sukari. Kijiko kimoja, koroga, funika kwa kitambaa. Povu lilipanda, na sauti ya mwanamke ikatoka ndani ya chupa: "Sikuiba, mama. Nilikuwa nailisha."

"Imechacha vizuri," mama mkwe alisema, akafunga kufuli.

Sauti ilikuwa ya mfanyakazi wa zamani wa nyumba ile. Ndiye aliyeianzisha chachu, kwa maji, tangawizi na kijiko cha sukari alichochota kila asubuhi bila kuomba. Sukari ilipopungua aliitwa mwizi mbele ya majirani, akafukuzwa akiwa na mfuko wake wa nguo. Chupa ikakutwa nyuma ya ndoo. Mama mkwe alionja, akapenda. Kwa kuwa ni mtu wa usafi kupita kiasi, akawa anaosha tangawizi na kuimenya, na chachu ikazubaa bila povu siku nne. Siku ya tano sauti ikamwambia asimenye, uhai uko kwenye ganda. Akatii. Soda yake ya tangawizi ikapata jina mtaa mzima, naye akawa anasimulia kwamba chachu ameirithi kwa marehemu mama yake.

Mkwe alipoolewa aliizoea sauti kama alivyolizoea bomba linalovuja. Kilichomuuma ni kwamba mwenye sauti alikuwa hai, mtaa wa pili tu, akifua nguo za watu uani, maana hakuna aliyemruhusu tena kuingia jikoni kwake. Kila saa moja asubuhi, chupa ikisema, yeye kule uani alikuwa bubu kwa dakika mbili. Alisubiri ziishe, akaendelea kusuuza.

Jumamosi moja wateja wa soda waliwahi, wakasimama hadi mlangoni mwa jikoni. Mkwe akajipa moyo.

"Mama, tumwite. Useme mbele ya hawa hawa kwamba hakuiba."

Chupa nayo ikasema yake. Wateja walinyamaza kwa adabu mpaka ikamaliza.

"Tumwite aje kufanya nini, mwanangu?" mama mkwe alisema kwa upole. "Sauti yake si tunayo?"

Wateja waliona hilo ni neno. Mmoja akaomba chupa mbili, za baridi kama zipo.

Mkwe alifunika chachu kwa kitambaa. Alikuwa na aibu, ila hakujua aipeleke wapi. Mama mkwe alichungulia ndani ya kopo la sukari, akamtazama mkwe, akachungulia tena. Akafunga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha.